Karani wa Ikungi na Sheria ya Warumi

Mjomba wangu Laurian Ntandu alirudi nyumbani mwezi wa Septemba mwaka 1949, na hakuna aliyekuwa akimtazamia. Alikuwa amekaa seminari miaka tisa, huko upande wa Tabora, na kila mtu kijijini kwetu, karibu na Ikungi, alijua kwamba imebaki miaka michache tu awe padri. Alishuka garimoshi Manyoni. Reli ya kutoka pale kwenda Singida ilikuwa imekwisha kung'olewa, limebaki tuta lake tu, kwa hiyo akapanda lori lililobeba chumvi mpaka Ikungi, halafu akatembea kwa miguu na sanduku la mbao begani.

Bibi yangu, mama yake, alikuwa uani anapepeta uwele. Laurian akaweka sanduku chini, akamwamkia. Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaona hana kanzu ya seminari.

"Wamekufukuza?" akauliza kwa Kinyaturu.

"Hapana, mama. Nimeomba kuondoka mwenyewe."

Bibi akautazama tena ungo wake. "Afadhali wangekufukuza," akasema, akaendelea kupepeta.

Mama yangu, Elizabeti, ndiye dada yake mdogo, na siku hiyo alikuwepo. Aliniambia kwamba Laurian alisimama pale jua kali mpaka uwele wote ukaisha ungoni, kisha akaingia ndani bila kuambiwa karibu. Mimi nilimuuliza mjomba mwenyewe, nikiwa mtu mzima, kwa nini aliacha. Alinijibu kwa kifupi kwamba mwaka ule alijikuta anasali kama mtu anayesoma orodha ya vitu dukani. Aliona si haki kumdanganya Mungu, wala si haki kuwadanganya watu. Lakini maneno hayo hakuweza kumwambia mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa amekwisha kupokea pongezi za kijiji kizima.

Watu wakampa jina la Padri Nusu. Hawakumtukana nalo, walilitumia tu kama jina. Wanaume wa rika lake walikuwa wameoa, wana watoto na ng'ombe. Wakikaa kunywa pombe wakaanza mazungumzo yenye utani, Laurian akitokea wananyamaza, kama vile bado amevaa kanzu. Wasichana walimwamkia kwa heshima kubwa mno. Hakuwa padri, na hawakumkubali kuwa mtu wa kawaida.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya ukarani katika baraza letu la kuamulia kesi, nyumba moja ya matofali mabichi na bati, kando ya barabara ya Manyoni. Hakimu wake alikuwa Mzee Melkizedeki Sima, mtu mrefu, mpole, aliyejua kusoma lakini hakupenda kuandika. Kesi zilikuwa za ng'ombe walioingia shambani, mahari, mipaka, na ugomvi wa ulevi. Hakimu na wazee wawili walisikiliza na kuamua, na Laurian akaandika yote katika kitabu kikubwa cha kesi.

Pembeni mwa kurasa alikuwa na tabia ya kujiandikia mambo yake mwenyewe kwa Kilatini. Shahidi huyu anaogopa. Mzee yule amelala. Tazama tena maneno ya jana. Alichagua Kilatini kwa sababu pale barazani hakuna mwingine aliyeweza kukisoma, na pia, alikiri baadaye, kwa sababu alikuwa akikitamani. Kwa miaka tisa alikuwa amesali, amesoma na kuandika kwa lugha ile. Sasa hakuwa na mtu hata mmoja wa kumsemesha.

Siku moja mwaka 1951 afisa Mwingereza wa wilaya, tuliyemwita bwana shauri, alikuja kukagua vitabu. Alikuwa kijana, ameungua pua kwa jua. Alifungua kitabu cha kesi, akageuza karatasi tatu nne, akainua kichwa.

"Nani ameandika haya pembeni?"

Laurian akasimama. "Ni mimi, bwana."

"Umeandika hapa kwamba mzee wa baraza amelala."

"Ndiyo, bwana."

"Na ni kweli alilala?"

"Alilala, bwana."

Bwana shauri akacheka mpaka akatoa leso. Kisha akauliza amejifunzia wapi, na alipojibiwa, akavuta kiti. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe alisomea sheria kwao, na kwamba mwanafunzi wa sheria kule, kabla hajafika mbali, lazima afanye mtihani wa sheria ya Warumi wa kale. Wengi huangukia hapo, alisema, kwa kuwa hawapendi Kilatini na hawaoni maana ya kusoma sheria ya dola iliyokufa miaka elfu na zaidi. "Nusu iliyo ngumu unayo tayari," akamwambia. Akamwandikia anuani kwenye kipande cha karatasi: Chuo Kikuu cha London kilikuwa kinawaruhusu watu wa nchi za mbali kufanya mitihani yake bila kukanyaga Uingereza. Baada ya miezi miwili akamletea kitabu kinene chenye jalada jekundu. Mwaka huo huo akahamishiwa Lindi, na Laurian hakumwona tena.

Hapo ndipo miaka mirefu ya mjomba ilipoanza. Kwanza ilimbidi apate vyeti vya kumruhusu kuingia katika masomo yenyewe, hisabati, historia, Kiingereza, na hivyo peke yake vilimchukua mpaka mwaka 1955. Hakuwa na mwalimu. Masomo yalikuja kwa posta, bahasha za rangi ya udongo zilizochukua wiki sita kufika. Alijibu maswali, akayatuma, akasubiri miezi mitatu kujua kama alikosea. Ilipofika siku ya kujulishwa kwamba amekosea, alikuwa amekwisha kusahau alichokuwa anafikiri.

Alisomea barazani. Kesi zikiisha saa nane mchana watu huondoka, mlango hubaki wazi kwa upepo, na yeye hukaa kwenye benchi la washitakiwa kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na dirisha. Alisoma kwa sauti ili asikie kama sentensi inasimama. Watu waliopita barabarani na punda zao walisikia Kilatini kinatoka barazani, wakadhani Padri Nusu anasali. Wengine walivua kofia. Siku aliyogundua hilo aliona aibu kubwa. Akaacha kusoma kwa sauti, na baraza likawa kimya kabisa.

Jumapili alikwenda misa Makiungu, mwendo mrefu kwa baiskeli, na kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Padri pale altareni alisali kwa Kilatini, na waumini wakajibu kwa mazoea. Laurian alielewa kila neno. Misa ikiisha aliondoka kabla padri hajatoka nje kusalimiana na watu.

Alipofika kwenye sheria yenyewe ya Warumi, alikuta kitu ambacho hakukitazamia. Alidhani atakuta watu kama sanamu za marumaru. Alikuta wafugaji na wakulima. Alikuta kwamba kwa Warumi wa kale ng'ombe hakuuzwa kama sufuria: ng'ombe, punda, shamba na mtumwa vilihitaji mashahidi watano watu wazima na maneno maalumu ya kutamka, ukikosea neno moja mauzo ni bure. Alikuta baba mwenye mamlaka juu ya wanawe hata wakiwa na mvi. Alikuta ugomvi wa maji ya mvua yanayotoka shamba la juu kuharibu shamba la chini, jambo aliloliandika katika kitabu cha kesi wiki hiyo hiyo. Alicheka peke yake barazani. Kisha akatazama mlangoni, kuona kama kuna mtu wa kumwambia, na nje hakukuwa na mtu, ila mbuzi wa jumbe.

Nisije nikasema kwamba hakujaribu. Alikuwepo Theodora, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni, msichana mwerevu asiyejua woga. Ni mmoja wa wachache waliomsemesha Laurian kama mtu. Kwa karibu mwaka mzima alipita barazani akirudi kutoka shule, akakaa kwenye ngazi, na Laurian akamsimulia. Theodora alisikiliza vizuri. Alipenda habari za wanawake wa Kirumi waliohitaji mlinzi wa kusaini mambo yao hata wakiwa matajiri. "Kumbe nao," alisema.

Lakini siku moja akauliza, "Hao Warumi, sheria yao inatumika wapi sasa?"

"Kwa namna ile ile, haitumiki popote," Laurian akajibu. "Imechanganyika katika sheria za watu wengine."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu hapana."

"Mahakama kuu ya Dar es Salaam?"

"Hapana. Wale wanafuata ya Waingereza."

Theodora akaokota daftari zake. "Kaka Laurian, una miaka thelathini sasa. Unasoma sheria ya wafu ili wazungu wakuruhusu kusoma sheria ya wazungu. Halafu ndipo utarudi kwetu?"

Hakuwa amemkejeli, alitaka jibu. Laurian akasema itachukua miaka mingine mitano, labda sita. Mjomba aliniambia kwamba angeweza kusema jambo jingine, lilikuwa hapo mdomoni, lakini alilipima kama anavyopima jibu la mtihani, na alipomaliza kulipima Theodora alikuwa amekwisha kushuka ngazi. Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu mwenzake wa Kiomboi. Laurian alialikwa, akaenda, akakaa meza ya makarani.

Mwaka 1957 alisafiri kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa kwanza wa sheria. Karatasi zilikuwa nne. Ndani ya chumba walikuwepo watu sita: Wahindi watatu, Mzungu mmoja wa benki, Mwafrika mmoja kutoka Moshi, na yeye. Wale wengine walikuwa wakisoma pamoja, wakiulizana maswali ukumbini kabla ya kuingia. Yeye alisimama pembeni na kalamu zake.

Matokeo yalifika Ikungi mwezi wa nane. Alishinda katiba, alishinda jinai, alishinda mfumo wa mahakama za Uingereza. Alianguka sheria ya Kirumi.

Aliisoma barua ile mara nyingi, akidhani wamechanganya majina. Somo ambalo lilimleta, somo pekee ambalo lugha yake aliijua kuliko wote waliokuwa mle chumbani, ndilo lililomwangusha. Baadaye alielewa sababu. Walikuwa wameuliza kwa nini sheria fulani ilibadilika, na ina faida gani kwa mwanafunzi wa leo, na yeye aliwaandikia maandiko yenyewe, neno kwa neno, kama mtu anayejibu misa. Hakuwahi kubishana na yeyote juu ya sheria hiyo. Hakujua kama inabishaniwa.

Barazani hakumwambia mtu. Bibi yangu hakuuliza. Mama yangu alijua, kwa vile kaka yake alikuja kwake Jumamosi, akatengeneza mlango wa zizi uliokuwa mzima, akaondoka.

Kesi ya nyuki ilikuja mwaka 1958, mwishoni mwa mvua. Mdai alikuwa Paskali, mtundika mizinga hodari, na mdaiwa alikuwa mjane aitwaye Raheli. Paskali alieleza kwamba kundi la nyuki lilitoka katika mzinga wake mmoja msituni, yeye akiwa pale pale chini ya mti. Akalifuata mbio. Kundi likavuka kijito na kilima, na siku ya tatu akalikuta limeingia katika mzinga mtupu wa marehemu mume wa Raheli.

"Nyuki ni wangu," alisema Paskali. "Nimewalea mimi. Huyu mama hata moshi hajui kuushika."

Raheli alisema maneno machache. Mzinga ule uliachwa na mumewe, umekaa mtupu miaka miwili tangu afe. Hakuwaita nyuki. Walikuja wenyewe, na yeye aliposikia mlio wao alidhani ni mtu anamsemesha.

Laurian aliandika kwa haraka kuliko kawaida, kwa sababu kesi hii aliijua. Imo katika sheria ya Warumi. Walijiuliza sana juu ya nyuki, ni wanyama wa mwitu au wa nyumbani, na kundi lililotoka mzingani ni la nani. Jibu lao lilikuwa kwamba nyuki kwa asili ni wa mwitu. Kundi linabaki la mwenye mzinga muda wote analiona na kuweza kulifuata. Likimpotea machoni, si lake tena. Ni la atakayelipata. Karani haruhusiwi kusema neno barazani. Akainamisha kichwa, akasubiri.

Mzee Melkizedeki alimgeukia mdai. Kisha akasema, "Paskali, nataka unijibu jambo moja tu. Uliwaona mpaka wapi?"

Kalamu ya Laurian ikasimama.

"Mpaka kijitoni," Paskali akajibu.

"Baada ya kijito?"

"Maji yalikuwa mengi, mzee. Nilipovuka walikuwa wamezama nyuma ya kilima."

"Kwa hiyo siku ya tatu ulipoona nyuki katika mzinga wa mama huyu, ulijuaje ni wale wale?"

Paskali akawatazama watu waliokaa nyuma yake. Watu wakacheka kidogo. Wazee wakanong'onezana, na Mzee Melkizedeki akatoa uamuzi. Nyuki hana alama ya masikio kama ng'ombe. Ukiwa umemkazia macho mpaka atue, ni wako. Ukimpoteza, amekuacha. Nyuki ni wa Raheli. Lakini kwa sababu Paskali alikimbia na kuchoka, na kwa sababu mizinga ya watu hawa wawili itaendelea kutundikwa msitu mmoja, asali ya kwanza Raheli atampelekea Paskali kibuyu kimoja, na Paskali atamfundisha kushika moshi.

Watu walipoondoka, Laurian hakukaa kwenye benchi lake. Alimfuata hakimu nje, ambako mzee alikuwa anafungua baiskeli yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumeamkiana asubuhi, Laurian. Kuna nini?"

"Mzee, lile swali ulilomuuliza Paskali. Umelitoa wapi?"

"Kichwani. Ungeuliza nini wewe?"

Laurian akamweleza. Alimweleza yote, akiwa amesimama juani, kuhusu watu wa kale wa nchi ya mbali, wanasheria wao, na nyuki. Alizungumza bila kupumzika. Alikuwa na miaka minane ya maneno. Mzee Melkizedeki alisikiliza, mkono juu ya kiti cha baiskeli.

"Walikuwa na mizinga?" akauliza.

"Walikuwa nayo, mzee."

"Na waliamua kama sisi?"

"Sawasawa. Mpaka macho yanapoishia."

"Basi walikuwa watu wazima." Mzee akaigeuza baiskeli ielekee barabarani. "Na kibuyu?"

"Kibuyu hakimo. Kwao aliyepata amepata. Hawakuandika habari ya kibuyu."

"Labda hawakuona haja ya kuandika," alisema mzee. "Au labda walikuwa wengi mno, hawakujuana."

Akapanda baiskeli yake, akaondoka. Mjomba aliniambia kwamba alibaki pale amesimama, na kwamba kama angeulizwa siku gani maishani mwake alikuwa mwanasheria, angetaja siku ile. Kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona swali. Miaka yote alikuwa amesoma majibu.

Kwa miezi kadhaa baada ya hapo mzee alikuwa akimgeukia kesi zikiisha na kumuuliza, "Haya, Warumi wako wangesemaje?" Mara nyingine Warumi walitofautiana kabisa na wazee wetu, na mzee alitaka kujua kwa nini, na wawili hao wakabishana mpaka jua likaegemea. Ilikuwa kama chuo cha watu wawili. Lakini Mzee Melkizedeki alikuwa anaumwa kifua. Mwanzoni mwa mwaka 1959 alistaafu, akarudi kwao Sepuka, na kabla ya mavuno tukasikia amefariki. Hakimu aliyemfuata alikuwa mtu wa haraka. Aliagiza pembeni mwa kitabu cha kesi pasiandikwe kitu.

Mwezi wa sita mwaka huo huo Laurian alirudi Dar es Salaam. Swali la tatu katika karatasi ya Kirumi lilitaka mwanafunzi aeleze jinsi mtu anavyopata umiliki wa kitu kisicho na mwenyewe, na aseme kama mafundisho hayo yana faida kwa mwanasheria wa siku hizi. Aliandika bila kusimama. Alipofika kwenye nyuki akaandika: "Katika wilaya ya Singida, mwaka jana, niliona kwa macho yangu." Akasimama hapo. Alifikiri juu ya mtu atakayesahihisha karatasi ile London, mtu asiyemjua Raheli wala msitu wetu, akicheka. Akachora mstari juu ya maneno yale, akaendelea na Warumi peke yao.

Alishinda. Alishinda vizuri. Na kila aliponisimulia habari hiyo alisema kidogo juu ya ushindi na mengi juu ya ule mstari.

Bibi alifariki mwaka 1960. Katika siku zake za mwisho Laurian alimwogesha na kumlisha, na walizungumza juu ya uwele, mvua na majirani. Jambo la seminari halikutajwa.

Mwaka 1961 kila mtu alikuwa anazungumza juu ya uhuru. Ilitangazwa kwamba Dar es Salaam kitafunguliwa chuo, na somo lake la kwanza litakuwa sheria. Laurian aliomba nafasi. Aliitwa Dodoma kuhojiwa, akakuta meza yenye watu watatu, Wazungu wawili na Mwafrika mmoja aliyevaa miwani. Walikuwa na karatasi zake mbele yao, na waliziangalia kwa mshangao usiofichika.

"Bwana Ntandu," alisema yule mwenye miwani, "hapa inaonekana umesoma sheria ya Kirumi peke yako, Ikungi, miaka kadhaa."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa katika orodha ya masomo, bwana. Sikuruhusiwa kuiruka."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Kisha Mzungu mmoja, kijana, akamwambia kwamba wao wanafikiria mafunzo ya namna mpya. Mwanafunzi ajifunze sheria za nchi yake, mila za watu, ardhi, katiba. Hawaoni Warumi wana nafasi gani. Akauliza, "Wewe uliyeisoma kwa taabu hiyo, ungependa vijana wetu waisome?"

Laurian akazitazama karatasi zake pale mezani.

"Wasianze nayo," alisema. "Mimi nilianza nayo, nikaangukia humo. Kwanza wakae barazani mwaka mmoja, wasiruhusiwe kusema, waandike tu. Halafu wapewe Warumi. Watawaelewa kwa wiki chache, na watajua kwamba swali si la Mwingereza wala si la Mnyaturu. Mkiiacha kabisa hamtaharibu kitu kikubwa. Lakini kijana atadhani sheria imeanzia pale alipoikuta."

Yule mwenye miwani aliandika kitu. Wakamshukuru, wakamweleza kwamba anaweza kupewa nafasi, ila kila mwanafunzi ataanza mwanzo, miaka mitatu, na ule mtihani wake wa London hautahesabika. Wenzake watakuwa vijana waliotoka shule mwaka jana.

Siku iliyofuata alizunguka Dodoma kwa miguu, vumbi likimpiga usoni. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Alijiona amekaa mstari wa nyuma, akisikiliza mambo ya jinai aliyoyajua, na watoto wakimwita mzee. Pia alijiona, aliniambia, akiwa na watu wa kuzungumza nao, na hilo nusura limshike. Jioni aliwaandikia kwamba anawashukuru, lakini atabaki. Jibu lao lilikuwa la heshima. Ndani ya mwezi huo serikali ilimteua kuwa hakimu, akapelekwa baraza moja dogo upande wa Sekenke, chini ya mteremko wa Iramba.

Ilikuwa sehemu ya migodi ya dhahabu ya zamani. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha, wamebaki watu wachache wa kuchekecha mchanga, na mashimo yenye maji ya kijani. Wenyeji walizungumza Kinyiramba, ambacho alikielewa nusu. Alikaa katika nyumba ya vyumba viwili, yenye veranda pana na hakuna jirani. Alikuwa na kesi mbili, tatu kwa wiki.

Mama yangu alikwenda kumtembelea mwezi wa Novemba, akapanda lori mpaka pale, akakaa siku tano. Anasema hakuwahi kumsikia kaka yake akizungumza kiasi kile. Mama alimpikia mlenda, na Laurian akamfuata jikoni, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamweleza kesi za wiki hiyo, moja moja, nani alisema nini, na yeye aliuliza nini. Hakuwa tena na kitabu mbele yake. Siku ya nne mama akamuuliza swali lililomleta.

"Kaka, unajuta kutokwenda kile chuo?"

"Jumapili," akasema. "Siku nyingine nina kazi."

Lori lilikuja asubuhi ya Jumatatu. Alimbebea mama mzigo wake, akamfungia vizuri karanga alizomnunulia, akamwambia awasalimie wote nyumbani. Walipanda watu wanne na mbuzi. Lori lilipoanza kupanda mteremko mama aligeuka kumpungia mkono, lakini kaka yake hakuwepo tena barabarani. Alikuwa amekwisha kurudi barazani, ambako watu wawili waliokuwa wakigombea shimo la dhahabu walikuwa wakimsubiri tangu alfajiri, na kwa mbali mama alimwona anainama kidogo mlangoni, kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi, anaingia.